Wiki za Masika za Mzee Kanisio

Wiki iliyopita Anzela, binti wa jirani yangu hapa Kizwite, Sumbawanga, alikuja kuniaga. Amepata kazi Arusha kwenye kampuni ya mambo ya safari, na ameambiwa atashughulikia watu wanaobadilishana pointi za mapumziko. Akaniuliza, "Bibi, si ndiyo kazi uliyokuwa unafanya wewe? Ni kazi gani hasa?"

Nilikuwa napepeta ulezi uani. Nikamwambia avute kigoda akae. Alikuwa amepita mara moja tu, lakini aliondoka jua limeshapinda. Haya ninayowaandikia ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii ndiyo niliyomwambia yeye, pamoja na machache yaliyonijia akilini alipokwisha kuondoka.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana kina majina mengi na wauzaji wake wana maneno mengi zaidi. Nyumba ya mapumziko ni kitu ghali. Mtu mmoja hawezi kuijenga ufukweni kisha akailalia siku chache kwa mwaka. Basi watu wengi wananunua pamoja, kila mmoja anapewa zamu yake: wewe wiki hizi, yule wiki zile. Zamu hizo zinapimwa kwa pointi. Wiki ya msimu mzuri ina pointi nyingi, wiki ya matope ina chache. Sasa, kama umechoka kulala nyumba ileile kila mwaka, unaiweka wiki yako kwenye mtandao wa kubadilishana. Mtandao huo una nyumba sehemu nyingi, ndani na nje ya nchi. Mtu usiyemjua analala kwenye wiki yako, na wewe unalala kwenye wiki ya mwingine usiyemjua. Kazi yetu ilikuwa kusimama katikati na kuhakikisha kila mmoja amepata kitanda.

Klabu niliyoifanyia kazi ilikuwa na nyumba zake ndogondogo Kabwe, pale mwambao wa Ziwa Tanganyika, na ofisi yake ilikuwa hapa mjini Sumbawanga. Watu wa Ufipa huna haja ya kuwafundisha kubadilishana. Wa huku juu ana maharage na ulezi, wa ziwani ana dagaa na migebuka, na wamekuwa wakikutana njiani tangu zamani. Kilichowasumbua kwenye pointi ni kwamba hazishikiki. Mzee mmoja wa Mpui aliniuliza pointi zake zinahifadhiwa ghala gani, na kama limepuliziwa dawa ya wadudu. Nilicheka, kisha nikaona swali lake lina akili kuliko nilivyodhani, kwa sababu pointi nazo huharibika. Zina tarehe ya mwisho. Usipozitumia wala kuziweka akiba mapema, zinapotea, na hakuna atakayekupigia ngoma kukuarifu.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Mwajuma, mzaliwa wa Kabwe, binti wa familia ya wauza dagaa. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya ofisini, nikitarajia kuonyeshwa kompyuta. Akanipa shuka na tochi.

"Utalala nyumba ya kwanza leo," akasema. "Kesho ya pili. Mpaka zote ziishe."

"Dada Mwajuma, mimi nimeajiriwa kupanga wageni."

"Ndiyo. Utampangaje mgeni kwenye kitanda ambacho hujakilalia, mdogo wangu?"

Nikazilalia zote. Nikajua ipi ina godoro lenye bonde katikati, ipi bati lake linalia upepo ukivuma kutoka ziwani, na ipi imekaa karibu na vichanja vya kuanikia dagaa kiasi kwamba ukifungua dirisha asubuhi, harufu inaingia kabla ya mwanga. Hiyo ya mwisho Bi Mwajuma aliniambia niiandike hivyohivyo kwenye maelezo yanayokwenda kwa wageni: asubuhi nyumba hii inanuka dagaa. Meneja wetu alipoona akakasirika, akasema tutakosa watu. Hatukukosa. Waliokuja walikuja wamejiandaa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Baadhi walirudi kwao na magunia ya dagaa.

Kutoka kwake nilijifunza pia kwamba ukitaka kujua ukweli wa nyumba iliyo mbali, usimuulize meneja. Meneja atakusomea kilichoandikwa. Omba kuzungumza na anayefagia au anayepika. Muulize maji yanatoka saa ngapi, jiko linawaka vizuri, na mgeni wa mwisho aliondoka na uso gani. Nyinyi sasa mnabonyeza simu na kuona picha za nyumba kwa pembe zote. Ni jambo zuri, siwakatazi. Lakini sijaona bado picha inayoonyesha lifti iliyokufa.

Kuna pia lile la majina. Familia moja kutoka ng'ambo ilibadilisha pointi zao kwa nyumba yetu. Siku ya kufika, baba mwenye familia akatupigia simu akiwa amechoka sana. Anasema wamefika Kabwe, wamezunguka mji mzima, kila wanayemuuliza kuhusu ziwa anawatazama kwa huruma.

Bi Mwajuma akasogea karibu na simu. "Muulize anaona nini mbele yake," akaniambia, maana Kiingereza chake hakuwa anakiamini. Nikauliza. Akasema anaona reli.

Bi Mwajuma akakaa chini taratibu. "Huyo yuko Zambia," akasema. "Kuna Kabwe yao huko. Mwambie arudi aelekee mpakani, aingie Tunduma, akifika Sumbawanga atakuta chai."

Walifika wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, wakanywa chai, wakateremka ziwani, wakakaa wiki yao kwa raha. Tangu hapo hatukuandika tena Kabwe peke yake. Tuliandika Kabwe, Nkasi, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, hata kama mstari haukutosha.

Lakini jambo nililotaka hasa Anzela alisikie ni la Mzee Kanisio wa Msanzi. Hilo ndilo lililonifundisha kwamba nilikuwa naifanya kazi hii miaka mingi bila kujua ni ya nini.

Bi Mwajuma alikuwa amekwisha kustaafu, amerudi Kabwe, na mimi nimeachiwa meza ya Sumbawanga. Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kufanya watu watembee wamejikunyata. Akaingia mzee mrefu, koti la sufu limefungwa hadi kidevuni, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuzirudisha."

"Kurudisha nini, mzee wangu?"

"Hizi pointi zenu."

Nikamwomba akae. Alikuwa bwana mifugo mstaafu. Zamani, alipokuwa kazini, wauzaji wa klabu walikuja kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, wakawapa watumishi soda na pilau, wakawaonyesha picha za watu wanaocheka ufukweni. Mzee Kanisio akajiunga. Alipewa wiki tatu za mwezi wa pili. Wauzaji hawakumwambia kwamba mwezi wa pili barabara ya kwenda Kabwe ni uji, na mvua ya ziwani inapiga paa mpaka watu mnaongea kwa mikono. Hakuwahi kwenda hata mara moja. Kila mwaka wiki zake zilipita na mvua.

"Kwa nini unazirudisha leo, baada ya miaka yote hii?" nikamuuliza.

Akaitazama kofia yake. "Mke wangu anaumwa. Nataka kupunguza mambo. Kila kitu kisicho na kazi nakiondoa nyumbani, nibaki na yeye tu."

Kidogo kidogo akanieleza. Mama Yusta, mkewe, alikuwa amepimwa Mbeya, ikaonekana ni kansa ya kizazi. Daktari alisema imewahiwa na inatibika, lakini anahitaji mionzi, na mionzi hiyo ataipata Dar es Salaam. Matibabu yenyewe yalikwisha kupangwa. Shida ilikuwa nyingine. Mgonjwa wa mionzi hakulazwa. Alitakiwa aende asubuhi, apate tiba yake, aondoke, kesho tena, wiki baada ya wiki. Aondoke aende wapi? Walikuwa na mpwa mmoja Dar anayeishi na mke na watoto kwenye chumba kimoja, mbali na hospitali, kwenye vilima ambavyo maji yanafika kwa ndoo.

"Yusta anasema bora abaki Msanzi," mzee akasema. "Anasema kama ni kufa, afie mahali anapojua choo kiko wapi."

Aliyasema kwa utulivu, kama anayetoa taarifa ya ng'ombe wa mtu mwingine. Mimi nikamtazama, na ghafla nikaona mbele yangu kitu ambacho yeye alikuwa hakioni.

"Mzee, usizirudishe," nikamwambia. "Hizo pointi ni nyumba."

Hakuelewa. Nikamweleza kwamba mtandao wa kubadilishana ulikuwa na fleti kadhaa Dar, mojawapo ikiwa kwenye mtaa usio mbali na ile hospitali. Ina jiko, ina bafu, ina kitanda. Watu huitumia wakipita kwenda Zanzibar. Sikuona kwa nini mtu asiitumie akienda kwenye mionzi.

"Lakini haya ni ya starehe," akasema.

"Kulala bila wasiwasi ni starehe pia, mzee wangu."

Hapo sasa ndipo kazi ilipoanza. Mezani kwangu nilikuwa na wiki tatu za matope, na nilichokuwa nakihitaji ni fleti ya mjini, msimu wa juu, wiki mfululizo bila kukatika. Nikaingiza wiki za mzee kwenye kompyuta. Mtandao ukanijibu kwamba zinatosha siku chache tu. Nikajaribu tena nikizigawa, nikazijumlisha, nikaongeza za mwakani na za mwaka unaofuata. Jibu likawa lilelile, kama mlango unaousukuma huku mtu wa ndani ameuegemea.

Nikampigia Bi Mwajuma. Simu yake ilikuwa ikipatikana akiwa juu ya jiwe fulani tu karibu na nyumbani kwake, kwa hiyo nilisubiri apande.

Nilipomaliza kumweleza akauliza, "Wiki za mzee ni mbaya kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Ni za mwezi wa pili."

"Sikukuuliza za lini. Nimekuuliza ni mbaya kwa nani. Hujawahi kuona mtu anaomba mvua?"

Nilitaka kumjibu kwamba watu wa mapumziko hawaombi mvua. Kisha nikamkumbuka mmoja. Kulikuwa na mama wa Kiholanzi, mwalimu wa chuo kikuu, jina lake Mama Marijke, ambaye kila mwaka alituandikia barua pepe fupi: je, kuna nafasi masika? Na kila mwaka mfumo ulimpa mwezi wa nane, maana mfumo ulifundishwa kwamba mgeni anataka jua. Alikuwa akikataa kwa adabu. Alikuwa mtaalamu wa vyura. Vyura hawaimbi kiangazi. Pointi zake zilikuwa zimelundikana kwa sababu hakutaka kuzitumia mahali pakavu.

Sheria za mtandao ziliruhusu wanachama wawili kukubaliana moja kwa moja, nje ya hesabu za mfumo, mradi wote wawili waridhie. Wengi hawaujui mlango huo. Upo hadi leo, ukiutafuta. Nikamwandikia Mama Marijke siku hiyohiyo. Sikumpamba Mzee Kanisio wala sikumlilia kwa niaba yake. Nilimweleza kwamba kuna mzee ana wiki tatu mfululizo za mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshiba, nyumba iko hatua chache kutoka kwenye dimbwi ambalo kelele zake zimewahi kuwakimbiza wageni. Nikaeleza mzee anahitaji nini, wapi, na kwa ajili ya nini. Nikasema awe huru kukataa.

Hakujibu.

Siku zikapita. Tarehe ya mionzi ilikuwa inakaribia, na Mzee Kanisio alikuwa amekwisha kata tiketi za basi. Alinipigia kila jioni akiuliza habari za kazi, habari za baridi, habari za watoto wangu, kila kitu isipokuwa kile kimoja. Mimi nami nilimjibu kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nyumbani sahani yangu ilibaki imejaa. Mume wangu akaniambia, "Huyo mzee si ndugu yako." Nikamwambia najua. Lakini nilikuwa nimemwambia mtu pointi zake ni nyumba, na neno kama hilo ukishalitoa halirudi mdomoni.

Barua ilikuja asubuhi moja nikiwa bado sijavua koti. Mama Marijke alikuwa porini kwenye nchi nyingine, hakuna intaneti, na ndiyo kwanza amerudi mjini. Aliandika mistari michache. Alisema amesubiri masika ya Tanganyika kwa miaka, anakubali, na achukue mzee pointi zote zitakazohitajika mpaka mke wake amalize tiba, kisha zikibaki azitumie apendavyo. Mwishoni aliuliza swali moja: dimbwi hilo lina majani marefu au mafupi?

Nilikwenda kwanza chooni nikalia kidogo. Kisha nikarudi nikamjibu kuwa ni marefu.

Kabla ya kuithibitisha ile fleti nikapiga simu Dar kama nilivyofundishwa, nikaomba mtu wa usafi. Akaja kwenye simu baba mmoja anaitwa Shaibu. Nikamuuliza mambo ya maji na jiko. Kisha nikamuuliza, "Mgonjwa anaweza kupanda huko?"

"Ghorofa ya nne hiyo, mama. Lifti ilikufa tangu Pasaka."

"Kuna ya chini?"

"Ipo moja, yenye kibaraza. Lakini hiyo hawaitoi mpaka mtu aombe."

Nikaiomba. Nikaombwa nisubiri, nikasubiri, nikathibitishiwa. Nikamwambia mtu wa pale anisomee jina la mgeni kama lilivyoandikwa kwao, herufi kwa herufi. Hilo msiliache kamwe. Mpaka jina lisomwe kutoka upande wa pili, mgeni wako hana kitanda.

Wakaondoka. Safari ya Sumbawanga hadi Dar mnaijua, na kwa mgonjwa ni ndefu mara mbili. Niliwasindikiza stendi. Hapo ndipo nilimwona Mama Yusta kwa mara ya kwanza, mwanamke mdogo wa umbo, amejifunika vitenge viwili juu ya sweta. Aliniangalia akaniuliza, "Wewe ndiye unayegawa nyumba za watu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya. Nikifukuzwa huko nitarudi kwako." Hakutabasamu, lakini mzee alitabasamu kwa niaba yake.

Kesho yake mchana simu ikaita. Mzee Kanisio, sauti imeshuka. Wamefika, wako mapokezi, na kijana wa mapokezi anasita kuwapa ufunguo. Aliona karatasi za hospitali mkononi mwa Mama Yusta, akasema hapa ni mahali pa mapumziko, haruhusiwi kupokea wagonjwa.

Nikamwomba mzee ampe kijana simu. Nikamsalimia, nikamuuliza jina. Alikuwa anaogopa, nilimsikia. Si mtu mbaya. Aliogopa mgonjwa akizidiwa mikononi mwake, kisha bosi amgeukie. Nikamuuliza kama bosi yupo karibu. Yupo. Nikaomba nizungumze naye.

Akaja mwanamke, akajitambulisha kwa jina la Bi Rehema. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimeshafungua masharti ya mtandao mbele yangu, nimetia alama pale panapokataza mbwa, sherehe na sigara, ili nimuulize ugonjwa umekatazwa mstari gani. Sikupata nafasi.

"Mama anatibiwa nini?" akauliza.

"Mionzi. Wiki kadhaa."

"Anatapika?" akauliza.

Nikafikiri, hapa ndipo atakapokataa. Lakini sikutaka kumdanganya. "Anaweza kutapika baadaye. Bado hajaanza."

"Dada yangu alikuwa hivyohivyo," akasema Bi Rehema. "Basi nitawawekea ndoo na shuka za ziada, na jokofu nitalihamishia karibu na kitanda. Maji baridi humsaidia. Mpe mzee simu nimwambie akae, amesimama tangu waingie."

Nikabaki nimeshika simu iliyokatika. Wenzangu ofisini wakauliza kuna nini. Nikawaambia wamekaa, wamekaribishwa. Nikaagiza chai na vitumbua kwa ofisi nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili nikala nikasikia ladha.

Tiba ilikwenda kama tiba hizo zinavyokwenda. Kulikuwa na siku za kuinuka na siku za kulala. Mzee Kanisio, ambaye maishani hakuwahi kukoroga hata uji, alijifunza kupika kwenye lile jiko la fleti. Alinipigia kuuliza chumvi inawekwa kabla ya maji kuchemka au baada. Shaibu alimletea ndizi kutoka sokoni. Bi Rehema alikuwa akipita jioni kukaa kibarazani na Mama Yusta, na sijui walizungumza nini, ila mzee aliniambia mkewe ameanza kuuliza habari za kuku wake wa Msanzi. Nikajua anarudi.

Walirudi mwisho wa kiangazi. Amekonda, nywele zimekatwa, lakini anatembea mwenyewe.

Mwezi wa pili Mama Marijke akaja, mvua ikimfuata kutoka Namanyere. Gari lake lilizama kwenye matope njiani, likavutwa na trekta, na dereva alituambia mama mwenyewe alikuwa chini na mwavuli anasikiliza mtaro. Mzee Kanisio alisisitiza kwenda kumpokea. Aliteremka Kabwe na gunia la maharage na kuku wawili, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona nyumba aliyokuwa mmoja wa wenye nayo miaka yote ile. Bi Mwajuma alikuwa mkalimani, kwa Kiingereza chake kilekile asichokiamini. Alinisimulia kwamba yule mama alimvika mzee vifaa vya masikioni, wakakaa kwenye ukingo wa dimbwi wamevaa makoti ya mvua, mzee anasikiliza vyura kwa uso wa mtu aliye kanisani. Alipovua akasema, "Miaka thelathini nimetibu ng'ombe. Hakuna aliyeniambia kuna haya."

Mama Marijke hakutaka kushukuriwa. Kila mzee alipoanza, alimwonyesha dimbwi kwa kidole, anyamaze asikilize.

Kwa hiyo, vijana, nikiulizwa mbinu ya kazi hii sina siri kubwa. Weka wiki ya mteja akiba mapema. Piga simu kwa anayefagia. Soma sheria hadi ukurasa ambao wengine huchoka. Na mteja akija, kabla hujamuuliza anataka kwenda wapi, muulize anakwenda kufanya nini. Mimi nilikuwa nimewauliza watu "wapi" kwa miaka. Mzee Kanisio ndiye aliyenifanya nibadilishe swali, na tangu nilipolibadilisha nililala vizuri zaidi.

Kipimo cha mwisho cha Mama Yusta kilifanyika Mbeya, muda si mrefu kabla mimi sijastaafu. Nilijua siku yake, na tangu asubuhi nilikuwa nikiangalia simu. Simu haikuita. Siku ya pili nayo ikapita kimya. Nilikuwa nimekwisha anza kuwaza maneno ya kumwambia mzee, mlango wa ofisi ulipofunguliwa, akaingia Mama Yusta peke yake. Nywele zimeota. Kavaa gauni la kanisani na viatu vipya vinavyombana, nilijua kwa jinsi alivyotembea.

Nikasimama. "Shikamoo mama. Daktari amesemaje?"

"Marahaba. Amesema nisimsumbue tena mpaka mwakani. Hakuna kitu. Safi." Akavuta kiti, akaketi, akaweka mkoba magotini. "Mzee yuko nje anatafuta pa kuegesha baiskeli. Nimemwacha makusudi, maana yeye atakubali chochote. Zile pointi, kuna zilizobaki?"

"Zipo, mama."

"Basi nataka kwenda mahali."

Niliketi. Nikaisogeza kompyuta, na macho yakiwa yamejaa hata sikuona vizuri herufi, nikamuuliza kama ninavyowaambia ninyi muulize: "Unakwenda kufanya nini, mama?"

"Kukaa," akasema Mama Yusta. "Niamke, nile, nikae. Baridi nimezaliwa nayo, usinipe. Nipe joto. Na uangalie vizuri, mwanangu, pasiwe na hospitali karibu."